Saa ya jua ya mfukoni: kwa nini ya Ulaya hukosea Tanga, na ipi inafaa

Chukua saa ya jua ya mfukoni ya kawaida, ile ya shaba yenye dira katikati na kibati cha pembetatu kinachoinuliwa kwa bawaba, iliyochorwa kwa ajili ya miji ya Ulaya iliyo latitudo ya nyuzi 50 kaskazini. Iweke juu ya ukuta pale Raskazone, Tanga, tarehe 20 Machi na uielekeze kaskazini kama maelezo yake yanavyotaka. Simu ikionyesha saa nne kamili asubuhi, kivuli kitakuwa karibu na mstari wa saa mbili na nusu. Wengi hapo huamua kwamba kifaa ni pambo la watalii. Lakini hiyo saa moja na nusu haikupotea ovyo, inahesabika yote. Nusu saa inatokana na mahali Tanga ilipo mashariki–magharibi, pamoja na tarehe. Saa nzima inayobaki inatokana na mahali ilipo kaskazini–kusini. Anayeweza kuyatenganisha mambo hayo mawili ataielewa saa yoyote ya jua atakayoshika mkononi.

Kwanza, kinachopimwa. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, au nyuzi moja kila dakika nne. Sisi tunaloliona likizunguka ni jua, na linauzunguka mhimili wa dunia, ule mstari unaopita katika ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Ukilaza uzi au ukingo wa bati sambamba na mhimili huo, jua litauzunguka kwa nyuzi 15 kila saa, iwe Juni au Desemba. Kijiti kilichosimama wima hakina sifa hiyo: kivuli chake cha saa tatu mwezi Juni hakielekei upande kinakoelekea cha saa tatu mwezi Desemba. Ndiyo maana kuulaza ukingo sambamba na mhimili kulikuwa hatua kubwa. Miongoni mwa saa za kale za aina hiyo zinazojulikana ni ile aliyoitengeneza Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, mwaka 1371.

Saa sita ya jua ni pale jua linapouvuka mstari wa kaskazini–kusini wa mahali ulipo, ndipo linapoanza kupinduka. Saa nyingine zote huhesabiwa kutoka hapo: nyuzi 15 kabla yake ni saa tano, nyuzi 30 ni saa nne, nyuzi 45 ni saa tatu.

Sasa vifaa vyenyewe. Viko vingi kwa sura, lakini vinagawanyika kwa jambo moja: kila kimoja kinataka ukipe taarifa fulani ndipo kikupe saa. Kundi la kwanza ni zile zenye ukingo au uzi sambamba na mhimili. Hizi hazihitaji tarehe, ila zinataka ujue kaskazini iko wapi, na kwa hiyo nyingi hubeba dira. Zile za pembe za ndovu za Nürnberg, zinazofunguka kama kitabu na kunyoosha uzi katikati, ziko humu. Kundi la pili hupima kimo cha jua juu ya upeo wa macho tu. Hazina haja ya dira, lakini zinataka tarehe, na zinataka wewe mwenyewe ujue kama ni asubuhi au ni alasiri, kwa sababu jua hupita kila kimo mara mbili kwa siku. Katika kundi hili kuna saa ya Kirumi yenye umbo la paja la nguruwe, iliyofukuliwa Herculaneum, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Kundi la tatu husoma upande ambao jua liko, na hizo zinataka vyote viwili, tarehe na dira.

Jambo ambalo makundi yote matatu yanalitaka ni latitudo. Warumi walilijua hilo vizuri: ipo saa ya Kirumi ya mfukoni katika jumba la makumbusho ya historia ya sayansi mjini Oxford, na nyuma yake yamechorwa majina ya majimbo ya dola yao pamoja na latitudo zake, ili msafiri aibadilishe kila afikapo mahali. Saa nyingi za baadaye zilichongwa kwa mji mmoja tu, au kwa kipande kidogo cha latitudo. Hapo ndipo Tanga inapoachwa nje.

Tanga iko latitudo ya nyuzi 5 na dakika 4 kusini mwa ikweta, Bagamoyo nyuzi 6 na dakika 26. Maana yake ni kwamba mhimili wa dunia, ukiutazama kutoka hapa, umelala karibu sambamba na ardhi, ukiinuka nyuzi 5 tu upande wa kusini. Kibati cha saa ya Ulaya kimeinuka nyuzi 50 na kinatazama kaskazini. Hakikaribiani kabisa na mhimili kinaoutafuta, na hiyo ndiyo saa nzima iliyopotea.

Mtu anaweza kusema: basi nitengeneze saa ileile ya kulala, nipunguze kibati kiwe nyuzi 5. Inawezekana kwa hesabu, lakini matokeo hayasomeki. Katika saa ya jua inayolala, mistari ya saa hutawanyika kutoka pointi moja, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo inavyobanana. Kwa latitudo ya Tanga, mstari wa saa tano na wa saa saba uko nyuzi 1.4 tu kutoka mstari wa saa sita. Wa saa nne uko nyuzi 2.9, wa saa tatu nyuzi 5, wa saa mbili nyuzi 8.7, wa saa moja nyuzi 18, halafu wa saa kumi na mbili unaruka hadi nyuzi 90. Kwenye kifaa cha ukubwa wa kiganja, mistari yote kuanzia saa nne hadi saa nane itabanana ndani ya nyuzi 6 hivi. Hata fundi hodari hataitoa saa hapo.

Kinachofaa hapa ni ubao wenyewe kulazwa sambamba na mhimili, na ukingo wa kivuli kuinuliwa juu yake kwa kimo kisichobadilika. Huko Ulaya ubao wa namna hii lazima usimamishwe kwa mwinuko mkali. Tanga unalala karibu sawasawa na meza. Mistari yake ni sambamba, haikutani popote, na kuichora kunahitaji rula tu.

Hivi ndivyo unavyotengenezwa kwa ukubwa wa kubebeka. Tafuta ubao wa mninga au plaiwudi ya mm 12, upana wa sm 12 kutoka mashariki hadi magharibi, na sm 8 kutoka kaskazini hadi kusini. Katikati, sambamba na ule upande wa sm 8, kata mfereji kwa msumeno mwembamba, kina mm 5. Humo ndimo bati la kivuli litakaposimama. Bati liwe la alumini au shaba, unene usiozidi mm 1, urefu sm 8, na kimo cha jumla mm 35, ili likishaingia mferejini libaki mm 30 juu ya ubao. Hiyo mm 30 ndiyo namba ya kulinda kuliko zote, kwa sababu mistari yote inapimwa kutokana nayo.

Umbali wa kila mstari kutoka kwenye bati ni kimo cha bati mara tanjenti ya pembe ya saa, yaani nyuzi 15 kwa kila saa kutoka saa sita. Kwa kimo cha mm 30, mistari inakaa hivi: nusu saa kabla na baada ya saa sita, mm 4, saa tano na saa saba, mm 8, nusu saa inayofuata, mm 12.4, saa nne na saa nane, mm 17.3, nusu inayofuata, mm 23, saa tatu na saa tisa, mm 30 kamili, nusu inayofuata, mm 39, saa mbili na saa kumi, mm 52. Mstari wa saa moja ungekuwa mm 112, nje ya ubao, kwa hiyo saa hii inafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Anayetaka saa moja zaidi kila upande apunguze kimo cha bati au aongeze ubao, ila kimo kikipungua mistari ya adhuhuri inabanana.

Pima kila upande kuanzia kwenye uso wa bati wa upande huohuo, usipime kutoka katikati ya unene wake. Asubuhi jua liko mashariki na kivuli kinaanguka magharibi, na ukingo unaokichora ni ule wa juu ulio upande wa magharibi. Mchana baada ya jua kupinduka, kazi inahamia ukingo wa mashariki. Kwa hiyo saa za asubuhi ziandikwe magharibi, kutoka nje kuja ndani 2, 3, 4, 5, na za alasiri mashariki, 7, 8, 9, 10, na 6 chini ya bati lenyewe. Saa za Ulaya zina 12 hapo katikati. Hakuna sababu ya kuifuata: kivuli kinahesabu tangu jua kupinduka, na msomaji wa pwani anahesabu tangu kucha, kwa hiyo 6 ndiyo namba yake.

Mwisho, kabari. Upande wa kusini wa ubao uinuliwe mm 7 kwa Tanga, mm 9 kwa Bagamoyo. Gundisha kijiti cha unene huo chini ya ukingo wa kusini na kazi imekwisha. Paka vanishi pande zote mbili, juu na chini. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu wa pwani kwa upande mwingine, unapinda, na saa nzima inaharibika bila mtu kujua sababu.

Sasa kuitumia, na hapa ndipo maelezo yaliyoandikwa Ulaya yanapompoteza mtu wa hapa. Vitabu vyao husisitiza dira kuliko kitu kingine chochote, na kwao ni haki: London, ukikosea kuelekeza saa kwa nyuzi 5, adhuhuri ya Machi utakosea dakika 16, na adhuhuri ya Desemba dakika 21. Tanga kosa hilohilo la nyuzi 5 linakugharimu dakika 2 tu mwezi Machi au Septemba, dakika 7 Desemba, na dakika 10 Juni. Kabari ndiyo yenye huruma zaidi: hata ukiisahau kabisa na kuulaza ubao mezani bila chochote, saa sita itakuwa sahihi, na kosa kubwa utakaloliona ni dakika 7 au 8 saa mbili asubuhi katika miezi ya Juni na Desemba. Machi na Septemba hutaona kosa lolote.

Kisichosamehe ni usawa wa mashariki na magharibi. Kwa kuwa mhimili wetu umelala karibu sambamba na ardhi, ubao ukiinama upande kwa nyuzi 1 umeizungusha saa yenyewe kwa nyuzi 1, nazo ni dakika 4, siku yoyote, saa yoyote. Meza ya kahawa iliyoinama nyuzi 3, jambo ambalo jicho halilioni, itakupa kosa la dakika 12. Kwa hiyo pima maji kwanza, dira baadaye. Pima maji ndogo ya fundi iwekwe juu ya ubao ikielekea mashariki–magharibi, na vipande vya karatasi vikunjwe chini ya ubao hadi povu likae katikati. Bati nalo liwe wima kweli. Kilele chake kikiegemea upande kwa nusu milimita tu, umeshaipata ile nyuzi 1 na dakika zake 4. Likague kwa skwea kila unapolichomeka.

Dira yenyewe ina tabia zake. Sindano ya sumaku iliyosawazishwa kwa Ulaya imeongezewa uzito upande wa kusini, kwa sababu huko ncha ya kaskazini ndiyo inayovutwa chini. Sisi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, ncha ya kusini ndiyo huvutwa chini, na huo uzito wa ziada unaizidishia. Sindano hugusa kioo na kukwama, nawe unadhani imetulia. Igonge kidogo kwa kidole uone kama inarudi palepale. Iweke pia mbali na nondo, pikipiki na spika. Asiye na dira anaweza kutumia njia ya zamani ambayo wanafalaki wa Kiislamu waliiita duara ya Kihindi: simamisha kijiti kwa timazi katikati ya duara lililochorwa kwenye ardhi iliyo sawa, weka alama pale ncha ya kivuli inapoligusa duara asubuhi, kisha inapoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki–magharibi. Fanya mara moja kwenye sakafu ya baraza yako, chora kwa rangi, na hutahitaji sumaku tena mahali hapo.

Usitarajie sekunde. Jua si pointi, lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo ukingo wa kivuli una ukungu unaolingana na dakika 2. Soma katikati ya ukungu huo. Karibu na saa sita, dakika 5 kwenye ubao huu ni mm 0.65, na karibu na saa mbili ni zaidi ya mm 2. Saa iliyotengenezwa kwa uangalifu itakupa wakati ndani ya dakika 5, na hilo ni jambo la kuheshimu kwa kipande cha mbao na bati.

Kundi la pili, la kupima kimo cha jua, lina bahati ya pekee huku kwetu. London, saa mbili asubuhi ya jua mwezi Juni, jua liko nyuzi 37 juu ya upeo, na saa hiyohiyo katikati ya Desemba bado halijachomoza. Bila tarehe, kimo peke yake hakisemi chochote. Tanga saa mbili ya jua ni nyuzi 25 mwezi Juni na nyuzi 30 mwezi Machi, Septemba na Desemba. Saa moja ni nyuzi 12, 15 na 16 kwa mpangilio wa Juni, Machi au Septemba, na Desemba. Saa tatu ni 38, 45 na 43. Saa nne ni 49, 60 na 56. Saa tano ni 58, 74 na 67. Za alasiri ni zilezile kinyume: saa tisa ni kama saa tatu, saa kumi kama saa mbili. Jua letu hupanda karibu wima, na kati ya saa moja na saa tatu kila saa ina nyuzi zake 13 hadi 15.

Kifaa cha kusomea namba hizo ni robo ya duara iliyokatwa kwenye plaiwudi au karatasi nene ya manila, nusu kipenyo sm 15, ambapo kila nyuzi 1 inachukua mm 2.6. Kwenye ncha ya pembe funga uzi wenye kipande cha risasi ya mshipi wa kuvulia. Kwenye ukingo mmoja ulionyooka gundisha vibati viwili, cha mbele kikiwa na kitundu, cha nyuma kikiwa na alama. Pembe yenye uzi ielekee jua, na pointi ya mwanga iliyopita kwenye kitundu iangukie kwenye alama. Uzi utakata mzingo kwenye nyuzi za kimo. Usilitazame jua kupitia kitundu hata mara moja, linaunguza jicho. Tazama pointi ya mwanga peke yake.

Udhaifu wake uko kati ya saa tano na saa saba, hasa Juni na Julai. Kutoka saa tano hadi saa sita ya Juni jua hupanda nyuzi 3 na nusu tu, na kosa dogo la uzi linakuwa robo saa. Machi hali ni nafuu, kwa sababu jua hupanda kwa kasi karibu hadi utosini. Kusi likivuma, shika robo nyuma ya ukuta, la sivyo uzi hautatulia.

Saa ya mchungaji, lile silinda lenye kijiti kilichochomoza juu na kivuli kinachoshuka ubavuni, ilitumika sana milimani Ulaya, nayo ni ya kundi hilihili. Tanga haitufai. Kijiti cha sm 2 hutupa kivuli cha sm 1.2 jua likiwa nyuzi 30, sm 3.5 likiwa nyuzi 60, sm 7.5 likiwa nyuzi 75, na sm 23 likiwa nyuzi 85. Mchana wa Machi ungehitaji silinda ndefu kama mkono.

Kati ya zile za Ulaya, inayostahili kununuliwa na mtu wa hapa ni saa ya pete. Asili yake ni pete ya falaki aliyoieleza Gemma Frisius mwaka 1534, na William Oughtred aliirahisisha karne iliyofuata. Ni pete mbili zinazokunjana na daraja katikati lenye kitundu kinachoteleza kwenye tarehe. Kipimo cha latitudo huanzia 0 hadi 90, kwa hiyo nyuzi 5 ipo. Unakisukuma kining'inizo hadi nyuzi 5 upande wa kusini, unakiweka kitundu kwenye tarehe, unafungua pete ya ndani, unaining'iniza yote na kuigeuza polepole hadi pointi ya mwanga iangukie kwenye mstari wa katikati wa pete ya saa. Hapo imesoma saa na imejielekeza yenyewe kaskazini, bila dira. Inashindwa adhuhuri, kwa kuwa pete ya nje huziba mwanga, na siku chache za Machi na Septemba usiku na mchana vinapolingana, kwa kuwa pete ya saa hujitia kivuli yenyewe. Kagua kabla ya kulipa: nyingi zinazouzwa kama kumbukumbu zina mistari ya mapambo tu, na kitundu chake hakitelezi.

Kwa adhuhuri na alasiri, kijiti kilichosimamishwa kwa timazi kinatosha. Tanga jua hupita utosini karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba, Bagamoyo karibu na 4 Machi na 9 Oktoba. Kuanzia tarehe hiyo ya Machi hadi ile ya Oktoba kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani, alasiri huingia kivuli kikifikia urefu wa kijiti kujumlisha kivuli cha wakati wa kupinduka. Siku jua linapopita utosini hakuna cha kujumlisha, na kivuli hulingana na kijiti jua likiwa nyuzi 45, yaani saa tisa ya jua. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri kina zaidi kidogo ya nusu ya kijiti, kwa hiyo unangoja kijiti kimoja na nusu, na jua linakuwa limeshuka hadi nyuzi 33.

Imebaki ile nusu saa. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Tanga iko nyuzi 39.1, pungufu ya nyuzi 5.9, na kila nyuzi ni dakika 4, hivyo jua letu huchelewa dakika 24 nyuma ya saa ya ukutani. Juu ya hizo, jua lenyewe halitembei kwa mwendo mmoja mwaka mzima, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka si duara kamili na mhimili wake umeinama nyuzi 23.4. Tofauti hiyo hufikia dakika 14 za kuchelewa karibu na 11 Februari na dakika 16 za kuwahi karibu na 3 Novemba. Tarehe 20 Machi jua linachelewa dakika 7. Jumlisha na 24, unapata 31, ile nusu saa ya mwanzo.

Nyuma ya ubao andika dakika za kuongeza kwa Tanga, katikati ya kila mwezi: Januari 33, Februari 38, Machi 33, Aprili 24, Mei 20, Juni 24, Julai 30, Agosti 28, Septemba 19, Oktoba 9, Novemba 8, Desemba 19. Bagamoyo ongeza dakika 1 kwenye kila namba. Kuijaribu saa mpya, ngoja wakati ambao bati litapoteza kivuli chake pande zote mbili: katikati ya Februari ni saa sita na dakika 38, katikati ya Novemba saa sita na dakika 8. Ikiwahi au ikichelewa, rudi kwenye pima maji kabla hujagusa kitu kingine.

Ukisafiri nayo, angalia namba mbili kila moja peke yake. Kigoma iko latitudo ya nyuzi 4.9 kusini, karibu sawa na Tanga, kwa hiyo kabari ya mm 7 ibaki ilivyo na mistari isiguswe. Longitudo yake ni nyuzi 29.6, na jua la huko huchelewa dakika 62 badala ya 24. Ongeza 38 kwenye kila mwezi wa orodha ya Tanga.